Ukifungua injini ya pikipiki, usirudishe kilipu ya zamani

Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia – Familia nyingi zilizokimbia mapigano yaliyoanza Oktoba 2017 zimerudi na kuanza upya. Pikipiki ndiyo inayobeba muhogo kutoka shambani, na usiku ndiyo inayompeleka mjamzito hospitali. Injini ikiharibika, safari hizo zinasimama. Wakati mwingine chanzo ni kitu kisichozidi ukucha wa dole gumba.

Kilipu ya pistoni ni waya wa springi uliopinda kama herufi C. Ziko mbili, moja kila upande wa pini inayoshika pistoni, na kazi yake ni kuizuia pini isitoke pembeni. Kilipu ikichomoka, pini husogea na kuchimba ukuta wa silinda. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kabla hujazima, silinda imeshaharibika.

Kosa la kawaida ni kurudisha kilipu ya zamani. Ikishavutwa na koleo imepinda, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Tunajua spea ni shida huku, lakini kilipu mbili mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na silinda.

Kabla ya kuzitoa, ziba mdomo wa chini wa injini kwa kitambaa safi. Kilipu ikidondokea ndani, utalazimika kufungua injini yote. Vaa miwani pia, maana huruka kwa nguvu. Unapoweka mpya, ibane kiasi cha kuingia tu. Mwanya wake uangalie juu au chini, kamwe usikae kwenye kipengele cha kutolea kilichochongwa kwenye pistoni. Kisha isukume taratibu kwa bisibisi ndogo kuzunguka duara lote: lazima iwe imezama katika mfereji wake kila mahali. Ikicheza, itoe, weka nyingine.

Kilipu ya mnyororo dereva anaweza kuikagua mwenyewe kila asubuhi. Upande wake uliofungwa uelekee kule mnyororo unakokwenda, na ule wenye mwanya ubaki nyuma.

Na wewe mwenye pikipiki, siku ya kuichukua kwa fundi mwombe akupe kilipu za zamani mkononi. Ziwe mbili.