Meza ya Kukatia Vitambaa kwa Fundi Ashonaye Nyumbani

Katika maombi ya mikopo ambayo wanachama washonaji hupeleka kwa kamati za vyama vyao, cherehani hutajwa kwanza, kisha nyuzi, kisha pasi. Meza ya kukatia ni nadra kutajwa. Mwombaji hudhani kwamba atakatia juu ya meza ya kulia chakula, au atatandika mkeka sakafuni. Makala haya yanakusudia kuzieleza kamati, pamoja na washonaji wenyewe, kwa nini meza hiyo yapasa kuhesabiwa miongoni mwa zana za kazi, na jinsi ya kuichagua.

Mshono uliokosewa hufumuliwa ukashonwa upya, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Kitambaa kinaponing'inia ukingoni mwa meza iliyo fupi au nyembamba, uzito wake hukivuta. Kipande kikikatwa hali kimevutika, hujirudi mara kinapoachiwa, kikawa kifupi kuliko kipimo. Hapo ndipo mkono mmoja wa shati huzidi mwenzake, na sketi ya shule ikainama upande mmoja. Mteja hulaumu ushonaji, kumbe kosa lilikwisha kutendeka kabla cherehani haijaguswa. Kwa sababu hiyo, mwandishi huona afadhali mkopo ununue cherehani moja na meza nzuri kuliko cherehani mbili na mkeka.

Upana wa meza hutegemea kitambaa kinachokatwa. Vitambaa vya suti na vingi vya sare huwa na upana wa sm 150 hivi, navyo aghalabu huuzwa vikiwa vimekunjwa kati kwa urefu wake, hata juu ya meza vikachukua sm 75 tu. Fundi ashonaye sare peke yake atatosheka na meza yenye upana wa sm 90.

Khanga ni shauri jingine. Kila kipande cha doti kina urefu wa sm 150 na upana wa sm 110, kwa kukadiria. Kina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina karibu na pindo la chini. Anayeshona gauni la khanga hana budi kulipeleka pindo kwenye upindo wa chini, kuhakikisha kwamba maua ya mji yanalingana kushoto na kulia, na kuamua jina litaangukia wapi. Maana si kila mama angependa jina la khanga yake limkalie mgongoni. Mambo hayo hayaonekani khanga ikiwa imekunjwa. Sharti itandazwe yote, na kwa hiyo meza iwe na upana wa sm 120. Kitenge nacho, chenye upana wa sm 115 hivi, hutandazika vizuri juu ya meza hiyo hiyo.

Karatasi moja ya plaiwudi ina sm 244 kwa sm 122, nayo yatosha uso wa meza bila kiungo. Unene wa mm 18 hauyumbi. Lakini meza ya upana huo isiegemezwe ukutani, kwani mkono haufiki upande wa pili, na fundi huishia kuivuta nguo. Iwekwe mahali pa kuzungukika. Chumba kikiwa kidogo, seremala akate uso wa sm 180 kwa sm 90. Hapo hubaki ubao wa sm 180 kwa sm 32, ambao hufaa kuwa rafu ya vitambaa chini ya meza.

Kimo ndicho kinachosahauliwa kuliko yote. Meza ya chakula, yenye sm 75 hivi, ilitengenezwa kwa mtu aliyeketi. Mkataji husimama, akainama saa nzima, na jioni kiuno hakimruhusu kushona. Fundi asimame wima na viatu vyake vya kazi, akunje kiwiko, apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha apunguze sm 10 hadi 15. Kwa wengi jibu huwa kati ya sm 85 na 100. Asiye na uwezo wa meza mpya aiinue ile ya chakula kwa vigogo vinne vilivyochongwa mashimo ya kupokea miguu, ili isiteleze.

Katika kuagiza, mbao za miguu ziwe kavu, kwa kuwa mbao mbichi hujipinda na meza ikayumba. Uso na kingo vipigwe msasa, kisha vanishi, halafu fundi apitishe kipande cha hariri juu yake: kikinasa popote, kazi haijaisha. Pembe nazo zikaguliwe, kwani fundi atazitumia kunyoosha kitambaa. Kutoka pembeni apime sm 120 kwenye ukingo mrefu na sm 90 kwenye ukingo mfupi, atie alama. Kati ya alama hizo mbili, kwa mshazari, pawe sm 150 kamili. Atumie kipimo cha chuma, kwa maana futi ya kitambaa iliyotumika sana hurefuka. Kamati inayomlipa seremala moja kwa moja ingefanya vema kuzuia sehemu ya malipo hadi kipimo hicho kitimie mbele ya mwanachama mwenyewe.