Fahamu: Chanjo ya mifugo inayotengenezwa ndani ya bakteria

Ni nini?
Bakteria wengi wamefunikwa na sukari. Sukari hiyo pekee huamsha kinga hafifu. Ikiunganishwa na protini, kinga huimarika. Kuziunganisha kiwandani ni ghali mno kwa chanjo ya kuku.

Njia ya London
Mwaka 2002, watafiti wa Zurich na London, akiwemo Brendan Wren, walihamishia ndani ya bakteria E. coli uwezo wa bakteria mwingine, Campylobacter, wa kupachika sukari kwenye protini. Hivyo bakteria mwenyewe huwa kiwanda. Wren na wenzake wa London School of Hygiene & Tropical Medicine wameitumia njia hiyo kutafuta chanjo za mifugo.

Kwa nini ni muhimu?
Campylobacter hukaa utumboni mwa kuku, na nyama isipoiva vizuri huwaharisha walaji. Kubwa zaidi: magonjwa ya mifugo yakizuiwa kwa chanjo, mfugaji hahitaji antibiotiki nyingi bandani.