Chongo, Kengeza, na Kazi ya Ubongo

Waswahili husema, "Ukipenda, chongo huita kengeza." Mapenzi hupunguza ila ya mpendwa, hata aliyepotewa na jicho akaitwa mwenye jicho lililopinda tu. Methali hii yasimama juu ya tofauti iliyo wazi katika lugha: chongo ni hasara, kengeza ni ila ya sura. Elimu ya macho haiikubali tofauti hiyo bila ya masharti.

Macho ya mtu mzima yameachana kadiri ya sentimeta 6, kwa hiyo sura mbili za kitu kimoja hazilingani kabisa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 11, alifundisha kwamba sura hizo huungana pale mishipa ya macho ikutanapo. Mahali alikosea, ingawa ni kweli kwamba muungano haufanyiki jichoni. Katika njiapanda ile mishipa hugawana njia tu: takriban nusu ya nyuzi huvuka, hata habari za upande wa kushoto wa mandhari, kutoka macho yote mawili, zikafika upande wa kulia wa ubongo, na za kulia zikafika kushoto. Kuungana kwenyewe huanza katika gamba la ubongo, huko kisogoni.

Mwaka 1838, huko London, Charles Wheatstone alieleza chombo chake cha vioo viwili. Kila jicho lilionyeshwa mchoro wake, na michoro ilitofautiana kidogo. Mtazamaji akaona kitu kimoja chenye kina, hali michoro yote ni bapa. Basi ubongo hauitupi ile tofauti ya sura, bali huipima, na kipimo hicho ndicho kina.

David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliona katika ubongo wa paka seli nyingi zinazoitikia macho yote mawili. Mwaka 1965 walitangaza kwamba paka wachanga waliotiwa makengeza walikuwa na seli chache mno za namna hiyo, ingawa macho yenyewe yalikuwa mazima.

Hivyo ndivyo yampatavyo mtoto mwenye makengeza. Sura mbili zikiachana mno, ubongo hushindwa kuziunganisha. Na ili usione vitu viwiliviwili, huinyamazisha moja. Kwa kivuli, ukubwa na mwendo wa vitu bado atakisia umbali, kama afanyavyo mwenye chongo. Lakini kile kina cha Wheatstone hakioni. Jicho lililoachwa hivyo laweza kufifia, na tiba hufaa zaidi katika miaka ya utotoni. Anayengoja mtoto akue kwa kudhani ni ila ya uso tu, humpotezea wakati wa thamani.

Jicho hilo lataka jina. Kuliita "jicho vivu," kwa kufuata Kiingereza, ni kulilaumu lisilo na kosa, kwani habari lapeleka, ila hazisikilizwi. "Jicho lililonyamazishwa" ni jina refu, lakini lasema kweli.