Lubumbashi–Kalemie kwa ndege yako mwenyewe: hesabu zisizoandikwa kwenye tangazo la kuuza

Kutoka Lubumbashi hadi Kalemie ni kilomita zaidi ya 650 ukipita moja kwa moja angani. Kwa barabara, wanaoijua njia hiyo hawahesabu kilomita, wanahesabu siku. Mvua ikianza, hata siku wanaacha kuzihesabu. Si ajabu basi mwenye shamba au mfanyabiashara wa Katanga akianza kuota ndege yake ndogo, ya watu wanne, atakayoitoa asubuhi na kufika kabla ya chakula cha mchana.

Ndoto hiyo si ya matajiri wakubwa peke yao. Ndege ndogo inayojulikana kuliko zote, Cessna 172, ilianza kuuzwa mwaka wa 1956 na zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 44,000. Hakuna aina nyingine ya ndege iliyotengenezwa kwa wingi kama hiyo. Mpya inapita dola 400,000, lakini iliyotengenezwa miaka ya 1970 inaweza kupatikana Marekani au Afrika Kusini kwa makumi ya maelfu ya dola, pesa ambayo watu wengine wa Lubumbashi wanaitoa kwa jeep moja. Hapo ndipo mnunuzi anapojidanganya, kwa sababu jeep ikikosa nguvu mlimani unasimama kando ya barabara na kumpigia fundi simu.

Tuanze na injini. Nyingi za Cessna hizo zinatumia injini ya Lycoming, ambayo kiwanda kinataka ifunguliwe yote na kutengenezwa upya baada ya masaa 2,000 hivi ya kuruka, au baada ya miaka 12, kutegemea kipi kinatangulia. Muuzaji atakuambia kwa furaha: "Injini ina masaa 600 tu!" Swali la kumuuliza ni hili: masaa 600 hayo yamerukwa kwa miaka mingapi? Ndege iliyolala hangari miaka mitano inaharibika kuliko ile inayoruka kila wiki. Mafuta ya injini yanashuka chini, vyuma vya juu vinabaki vikavu, na unyevu unaanza kuvila kwa kutu. Kutu hiyo haionekani kwa nje. Itaonekana siku vipande vya chuma vitakapojaa kwenye filta ya mafuta. Kwa hiyo daftari la injini, lenye kila ukaguzi na sahihi ya kila fundi, lina thamani karibu sawa na injini yenyewe. Ndege isiyo na daftari kamili, mwachie mwenyewe.

Baada ya hapo kuna ukaguzi wa kila mwaka, kubadilisha mafuta ya injini karibu kila masaa 50, bima, hangari, na karatasi za mamlaka ya usafiri wa anga (AAC). Rubani naye ana gharama zake: kanuni za kimataifa zinataka awe na miaka 17 kwenda juu, apimwe afya na daktari anayetambuliwa, na aruke masaa 40 hivi ya mafunzo kabla ya kupewa leseni ya kibinafsi. Masaa 40 ni machache sana. Yanakufundisha kuiongoza ndege, lakini kuisoma mbingu ni kazi ya miaka. Nairobi waliliona jambo hili mapema: klabu ya marubani wa Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka wa 1927, na hadi leo iko kwenye uwanja wa Wilson. Faida ya klabu ni kwamba ndege moja inagawanywa kwa watu wengi, inaruka mara kwa mara, na kijana hakosi mzee wa kumwambia, "Leo usitoke."

Sasa mafuta, na hapa Congo ndipo hesabu inapokuwa chungu. Injini ya Cessna ya zamani inataka esansi ya ndege, ile inayotiwa rangi ya buluu. Ndege kubwa zinatumia mafuta mengine kabisa, Jet A1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Kwenye viwanja vingi vya Afrika Jet A1 ipo, esansi ya buluu haipo, au inakuja kwa mapipa na kwa bei ya kushtua. Kuna ndege ndogo za kisasa zenye injini za aina ya mazuti zinazokunywa Jet A1 bila shida. Kuna nyingine zenye injini ya Rotax 912, zinazokubali esansi nzuri ya gari na kutumia nusu tu ya mafuta ya Cessna. Kwa maoni yetu, mtu anayenunua leo kwa ajili ya Congo aanze kutafuta upande huo, hata kama bei ya kwanza ni kubwa zaidi.

Hatari kubwa ni kuchanganya. Mfanyakazi akitia Jet A1 katika tangi la injini ya esansi, mara nyingi injini itawaka na kutembea vizuri mpaka mwisho wa kiwanja, kwa sababu esansi iliyobaki kwenye mirija inatosha. Itazima ndege ikishapanda. Rubani mwenye akili anasimama mwenyewe karibu na pipa. Akiwa na shaka, anadondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi inakauka na kupotea, Jet A1 inaacha alama ya mafuta.

Maji nayo ni adui wa kila asubuhi. Tangi lililoachwa nusu usiku linatoa jasho ndani, na pipa lililokaa nje mvuani linaingiza maji kwenye kifuniko. Maji ni mazito kuliko esansi, yanakaa chini, ndiko injini inakonyonya. Kwa sababu hiyo kila ndege ndogo ina vali chini ya bawa: unachota kidogo kwenye chombo cha kioo, unakiinua kwenye mwanga, unatafuta matone. Ni kazi ya dakika mbili.

Turudi kwenye safari yetu ya Kalemie. Cessna 172 ya miaka ya 1970 mara nyingi hairuhusiwi kuzidi kilo 1,043 wakati wa kuruka. Yenyewe tupu ina kilo 650 hivi, zinabaki kama 390. Jaza matangi, lita 150 hivi, hizo ni kilo 108. Zinabaki 280 kwa watu na mizigo. Watu wanne wa kilo 80 ni 320. Ile "ndege ya watu wanne" ya kwenye tangazo imekuwa ya watu watatu na mikoba yao midogo. Na kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa utatumia zaidi ya masaa matatu na karibu lita 100. Zilizobaki hazikurudishi Lubumbashi. Kama hujapata uhakika wa esansi Kalemie kabla ya kuondoka, umenunua tiketi ya kwenda tu.

Bado hatujagusa joto. Uwanja wa Luano uko mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa kumi, mchana, joto likifika digrii 32, hewa inakuwa nyepesi na ndege inafanya kazi kama iko zaidi ya mita 2,200. Injini ya kawaida inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake, mabawa nayo yanashika hewa kidogo. Kiwanja cha Luano ni kirefu, kinasamehe. Kiwanja kifupi cha nyasi chenye miti mwishoni hakisamehi. Marubani wa zamani wa nchi hii wanatoka alfajiri, na sababu yao si kupenda kuamka mapema.

Asubuhi ina faida nyingine: mawingu. Msimu wa mvua, dhoruba za Katanga zinajijenga baada ya saa sita mchana, na upande wa Tanganyika kuna milima ya Marungu inayojificha ndani yake. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilichukua watu 20 wasiojua kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake, kikawaweka katika hali ya mtu aliye ndani ya wingu. Wote walipoteza uongozi wa ndege. Wastani wa muda waliodumu ulikuwa sekunde 178, dakika tatu pungufu ya sekunde mbili. Sikio la ndani linakuambia uko sawa huku ndege inazunguka kuelekea chini. Mbelgiji Edmond Thieffry, aliyekuwa wa kwanza kuunganisha Ubelgiji na Kinshasa kwa ndege mwaka 1925 kwa siku 51, alikufa mwaka 1929 katika ajali ya ndege ndogo karibu na ziwa Tanganyika. Alikuwa rubani wa vita mwenye sifa kubwa.

Hata bila mawingu, unyevu unaweza kuzima injini kwa barafu. Ndiyo, barafu, katika joto la Congo. Hewa ikipita kwenye kabureta inapoa ghafla, hata zaidi ya digrii 20, na mvuke unaganda humo ndani. Nguvu inapungua polepole, rubani mgeni anadhani injini imechoka. Dawa ni kuvuta kishikio cha hewa ya moto mapema, hasa anapopunguza mwendo ili ashuke.

Halafu kuna nyigu. Siku chache tu za kuacha ndege bila vifuniko zinawatosha kujenga nyumba ya udongo ndani ya mrija unaopima mwendo, au kwenye tundu la kupumulia tangi. Mwendo utasoma uongo, mafuta yatakataa kushuka. Vifuniko vya kitambaa chekundu, dola chache tu, vinazuia hayo yote.

Jambo la mwisho ni kisanduku kidogo nyuma ya ndege, redio inayoita msaada yenyewe ndege ikianguka. Ndege nyingi kuukuu bado zina kile cha zamani cha mawimbi ya 121.5, na satelaiti ziliacha kukisikiliza tarehe 1 Februari 2009. Kinachosikilizwa sasa ni cha 406. Msitu wa Congo unafunga mashimo yake haraka, na kutoka juu kijani kinafanana kilomita baada ya kilomita. Kabla ya kulipa franga ya kwanza, fungua kile kifuniko, soma namba, kisha soma tarehe ya betri.