Kuwafundisha Watoto Wadogo Kudaka Mpira kwa Lugha Mbili

Watu wengi hudhani kwamba kudaka mpira ni jambo asilofundishwa mtu. Husema, "Huyu ana mikono myepesi, na yule ana mikono mizito," na maneno yamekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipopelekwa kujizoeza kazi ya ualimu katika shule moja ya msingi hapa Buyenzi. Huko nilimwumiza mtoto kwa ujinga wangu, na kwa sababu yake nilijifunza haya ninayotaka kuwaeleza.

Kwa wale wasioujua mji wetu wa Bujumbura, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili. Mtoto wa huku husema Kiswahili nyumbani na njiani kabla hajaanza shule. Lakini masomo ya darasa la kwanza ni kwa Kirundi, na watoto wengine hutoka katika nyumba ambazo Kirundi tu ndicho husemwa. Basi mwalimu wa mazoezi ya viungo ana watoto wa lugha mbili katika uwanja mmoja, na amri zake hazina budi kufika masikioni mwa wote.

Siku ya kwanza nilipewa watoto 28 wa darasa la kwanza. Niliwapanga mistari miwili, nikachukua mpira wa ngozi wa kuchezea kandanda, nikaanza kuwarushia mmoja mmoja nikisema, "Daka!" Watoto wa Kiswahili waliinua mikono. Mtoto mmoja wa Kirundi, mvulana mdogo mwembamba, alisimama akinitazama mdomo ili ajue nasema nini. Mpira ulimpiga puani, damu ikatoka, na wenzake wakacheka.

Nikaona afadhali nitumie Kirundi. Neno la Kirundi ni "Fata!", maana yake shika. Lakini masikioni mwa mtoto wa Kiswahili, "fata" ni "fuata". Ndivyo tulivyozoea kutamka. Niliporusha mpira na kupiga kelele "Fata!", watoto wawili wa Kiswahili waliacha mstari wakaukimbilia, wakagongana vichwa. Somo likaishia hapo.

Mwalimu wa darasa, mama wa makamo, aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, yule mtoto hakushindwa na mpira. Ameshindwa na neno lako. Tena umempa kazi mbili kwa mara moja, kulielewa neno na kuudaka mpira, naye hajaweza hata moja."

Maneno hayo ni kweli, na sababu yake yaweza kuhesabiwa. Mpira uliorushwa polepole kutoka mita 3 humfikia mtoto kwa muda wa sekunde moja hivi, au pungufu. Katika muda huo yampasa autazame, akisie utafika wapi, apeleke mikono hapo, na kufumba vidole kwa wakati wake. Akiwa bado analitafakari neno, mpira umekwisha kufika.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba kudaka kuna ngazi zake. Mtoto wa miaka mitatu au minne hunyosha mikono yote miwili kama vijiti, na mpira ukifika huukumbatia kifuani. Mara nyingi hugeuza uso na kufumba macho. Baadaye hukunja viwiko kidogo na kuuchota mpira kwa mikono na kifua pamoja. Mwisho hujua kuudaka kwa vitanganya vya mikono peke yake. Watoto wengi wa darasa la kwanza wako katikati ya safari hiyo, wala si wavivu. Lakini aliyepigwa usoni hurudi nyuma ngazi nzima, kwa kuwa anaogopa. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mvulana. Tangu siku ile kila mpira ulipomjia alifumba macho, na wenzake wakampa jina la kumdhihaki. Nilijua kwamba jina lile nimempa mimi.

Basi kwa msaada wa yule mama tulianza upya, hivi:

Kwanza, tuliuweka kando mpira wa ngozi. Tulikusanya majani makavu ya mgomba, tukayafunga kwa kamba, tukayazungushia nguo kuukuu mpaka ukapatikana mpira mwepesi wenye upana wa kama sentimita 20. Mpira mkubwa huonekana vizuri, na ulio laini haumwumizi mtu. Rangi nayo ina kazi yake: uwanja wetu ni wa vumbi, kwa hiyo tulichagua kitambaa chekundu kisichofanana na vumbi.

Pili, tulifundisha maneno bila mpira. Tulichagua matatu tu, kwa utaratibu usiobadilika: "Macho! Mikono! Daka!" na kwa Kirundi, "Amaso! Amaboko! Fata!" Kila neno lilikuwa na tendo lake: kugusa pembeni mwa jicho, kunyosha mikono mbele, na kufumba vidole kifuani. Watoto walicheka walipotambua kwamba macho na amaso ni ndugu, kama mpira na umupira. Lakini daka na fata tuliyarudia mara nyingi, maana hayo ndiyo yaliyotuletea taabu.

Tatu, mpira ulibingirishwa chini kwanza. Watoto waliketi wawili wawili, miguu wameipanua, wakabingirishiana. Hapo jicho hujifunza kuufuata mpira tangu utokapo mpaka ufikapo, na hakuna la kuogopa.

Nne, watoto wanne walishika kitenge kwa pembe zake, na mmoja akarusha mpira juu ili waupokee. Wengi wetu tumewahi kupokea maembe kwa namna hii chini ya mwembe. Embe likianguka juu ya ardhi hupasuka, lakini likiangukia nguo inayoshuka nalo kidogo husalimika. Mikono nayo ni vivyo hivyo. Mtoto akiikaza, mpira huruka na kumtoka; akiirudisha nyuma kidogo mpira unapofika, nguvu yake huishia njiani, nao hutulia.

Tano, kila mtoto alijirushia mwenyewe, kidogo tu mpaka usawa wa macho, akadaka. Mpira unaotoka katika mkono wako mwenyewe hauwezi kukushtua.

Sita, ndipo tukaanza kurushiana, kutoka mita moja na nusu, mkono ukitoka chini kwenda juu. Tuliwaonyesha kwamba mpira ujao juu ya kifua hudakwa vidole gumba vikikaribiana, na ujao chini ya kiuno hudakwa vidole vya mwisho vikikaribiana. Aliyedaka mara tatu mfululizo alirudi nyuma hatua moja. Aliyekosa alisogea mbele hatua moja, wala hakuchekwa.

Sasa nije kwenye sheria iliyotusaidia kuliko zote. Tuliwapanga wawili wawili, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kirundi, tukasema: mrushaji atatumia lugha ya mdakaji, na lugha moja tu kwa kila mrusho. Kusema lugha zote mbili mpira ukiwa hewani ni kumchanganya mtoto, maana muda hautoshi. Tena mrushaji asiurushe mpira kabla hajayaona macho ya mwenzake. Kwa njia hiyo kila mtoto alilazimika kumfikiria mwenzake kwanza: yeye ni nani, nyumbani kwao wasema nini, je, yu tayari? Baada ya wiki mbili niliwasikia watoto wa Kiswahili wakisema "Rindira!", yaani ngoja, bila kufundishwa na mtu.

Yule mvulana alikaa kwenye kitenge siku nyingi kuliko wenzake, nasi hatukumharakisha. Rafiki yake aliyepangwa naye, mtoto wa fundi baiskeli, alikuwa akimwambia "Amaso!" kwa sauti ya chini, na kungoja. Katika wiki ya tano mvulana alidaka mara 6 katika 10, macho wazi. Mara ya sita alipaza sauti kwa Kiswahili, "Nimedaka!" Lile jina la dhihaka sikulisikia tena.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna wadogo zenu nyumbani, na jioni mwacheza nao mpira uani. Mkimwona mtoto anakosa kila mara, msiseme ana mikono mizito. Mpeni mpira laini, msogeleeni, na mwambieni kwa lugha anayoielewa upesi kuliko zote. Neno na lifike kwanza, kisha mpira. Mimi nilivitupa vyote viwili pamoja, na aliyelipa kosa langu ni mtoto wa miaka saba.