Mkate wa Ndizi kwa Mtoto

Mama, ndizi mbivu ni chakula kizuri. Inampa mtoto nguvu ya kucheza. Lakini ndizi peke yake haijengi mwili. Mtoto anayepewa ndizi na ugali wa muhogo tu, siku zote, anaweza kushikwa na bwaki. Basi, pika ndizi pamoja na karanga, mayai na maziwa, namna hii:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Kaanga karanga kikombe 1, uzitwange mpaka ziwe laini kabisa. Zenye ukungu uzitupe, zina sumu.
3. Paka sufuria mafuta. Kata ndizi mbivu 6, uzipange ndani.
4. Changanya karanga hizo na unga wa ngano kikombe 1, mayai 2, maziwa kikombe 1 na chumvi kidogo. Mimina juu ya ndizi. Sukari si lazima.
5. Funika. Weka makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ngoja karibu dakika 40. Choma katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Mpe mtoto aliyepita mwaka 1, naye aendelee kunyonya. Usiseme, mayai ni ya baba tu. Mtoto ni amana ya Mungu mikononi mwenu wote wawili.

Lakini miguu ya mtoto ikivimba, nywele zikigeuka nyekundu, naye akikataa kucheza, mkate huu hautoshi. Mlete hospitali leo, usingoje kesho. Omba Mungu ukiwa njiani.