Pampu Yako Inakunywa Petroli? Anza na Sabuni, Bisibisi Iache Kwanza

Kiangazi kikifika, swali ninaloulizwa kuliko hata la mbegu ni hili: "Bwana shamba, mashine yangu inakunywa mafuta, nifanyeje?" Na mara nyingi kabla sijajibu, unakuta mtu ana bisibisi mkononi, anakaza skrubu ya kabureta.

Pampu ndogo za inchi 2 au 3, hizi za injini ya karibu nguvu za farasi 6, hutumia kama lita 1 hadi 2 za petroli kwa saa zikifanya kazi kamili. Kwa mtu wa nyanya au vitunguu, kupunguza hata robo lita kwa saa ni pesa ya maana msimu ukiisha. Ila ukipunguza kwa njia mbaya, unaua injini wakati nyanya ziko kwenye maua. Hapo hasara yake haina mfano.

Ile skrubu haifanyi unachodhani

Skrubu ndogo ya pembeni ya kabureta inarekebisha mafuta pale mashine inaponguruma polepole bila kazi. Ukishavuta aksileta na maji yanatoka, petroli nyingi inapita kwenye jeti kubwa, kile kipande cha shaba chenye tundu dogo katikati ya kabureta. Kwa hiyo ukikaza skrubu, mafuta ya kumwagilia hayapungui. Utapata tu mashine ngumu kuwaka na inayozima ovyo.

Wapo wanaoenda mbali zaidi: wanapitisha uzi wa waya kwenye tundu la jeti ili petroli ipite kidogo. Usijaribu. Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Ukibana petroli kupita kiasi, injini inachemka, na hizi zetu zinapozwa na upepo tu, hazina rejeta. Valvu inaungua, pistoni inaweza kutoboka. Mafuta uliyookoa hayatanunua hata ringi.

Fanya haya kwanza

Mashine iwe imezimwa na imepoa, na kazi ifanyike nje, mbali na moto na sigara.

1. *Chujio la hewa.* Hapa ndipo petroli nyingi inapopotelea. Likijaa vumbi, hewa inapungua, petroli inabaki nyingi, moshi unakuwa mweusi. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa, kisha litie oili safi kidogo na ulikamue. La karatasi usilioshe wala usilitie oili. Ligonge taratibu vumbi litoke, na likichoka nunua jingine. Shamba lenye vumbi, likague kila siku.

2. *Choki.* Mashine ikishapata joto, choki ifunguliwe yote. Ikikwama nusu, unachoma mafuta bure.

3. *Plagi.* Ifungue uisome. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi au hewa ni chache. Nyeupe kama majivu, petroli ni chache na injini iko hatarini. Ikiwa imelowa oili, hilo ni tatizo la ndani, mwone fundi. Nafasi ya kawaida ya plagi kwa injini hizi ni milimita 0.7 hadi 0.8.

4. *Upande wa maji.* Kaza vibana vya mpira wa kuvutia, safisha chujio lililoko mtoni, na isogeze pampu karibu na maji. Mpira unaovuta hewa unaifanya injini ihangaike huku maji yakitoka kidogo.

Wa milimani msikilize hapa

Pampu iliyokuwa inafanya vizuri Ruvu, ukiipandisha Njombe au Makete itatoa moshi mweusi hata chujio likiwa safi. Huko juu hewa ni nyepesi, lakini jeti inapitisha petroli kama ya bondeni. Kuanzia kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, dawa yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi iliyotengenezwa kwa injini hiyo. Jeti zina namba, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani. Ukija kuishusha pampu bondeni, rudisha jeti kubwa. Na ujue kwamba nguvu hupungua kwa karibu asilimia 3.5 kila unapopanda mita 300, hata ukibadilisha jeti.

Pima, usikisie

Acha petroli iishe mpaka mashine izime, na ipoe. Mimina nusu lita kamili kwa chupa, washa, weka aksileta pale unapomwagilia kila siku. Angalia ni sekunde ngapi pipa la lita 200 linajaa, na ni dakika ngapi mashine inadumu mpaka kuzima. Tuseme pipa linajaa kwa sekunde 40 na mashine imedumu dakika 24: umepata mapipa 36, yaani lita 7,200 kwa nusu lita ya petroli. Andika kwenye daftari.

Safisha chujio, rudia kipimo. Kisha punguza aksileta kidogo, rudia tena. Shika pale unapopata mapipa mengi kwa nusu lita ile ile, ilimradi maji yanafika mwisho wa shamba.

Ukifanya yote hayo na plagi bado ni nyeusi, sasa ndo umwite fundi afungue kabureta. Mpe na daftari lako, ajue anaanzia wapi. Kazi njema shambani.